Barua Ambayo Mama Hakuiandika

Hasira zangu ziko karibu, na wanaonijua hapa Embu watakwambia hivyo hata usipowauliza. Ndiyo maana nilicheka kikundi chetu cha wazazi wa watoto wenye mahitaji maalum kiliponichagua niwe ninawasindikiza wazazi wenzangu shuleni. Tulifundishwa wiki nzima. Mweleze mzazi haki zake, tukaambiwa, msomee kila karatasi kwa lugha anayoielewa, halafu nyamaza. Usimvute upande wa shule, usimvute upande wako. Mtoto si wako na uamuzi si wako. Mimi, kunyamaza! Nikasema nitajaribu.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, mama mmoja wa upande wa Kiritiri alinipigia simu. Msichana wake alikuwa gredi ya tatu. Mwalimu mkuu alisema mtoto hafundishiki, ahamie shule ya bweni ya watoto wenye ulemavu wa akili, kaunti nyingine kabisa, na mama afike Ijumaa kutia sahihi. Mama hakutaka mtoto aende. Lakini mwalimu akishasema, aliniambia, mimi ni nani? Nimelisikia swali hilo kwa wazazi wengi mno, na linaniudhi kila mara. Siwaudhikii wao, ila wale waliowazoesha kujiuliza hivyo.

Ijumaa nikamkuta langoni. Alikuwa ametoka kuchuma majani ya muguka, ile miraa ya kwetu, alfajiri, vidole bado vina weusi wa utomvu, na alikuwa ameweka leso safi kichwani kama anayekwenda kanisani. Tukaingia ofisini.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa Meru, wa kule Githongo, mpole wa maneno. Kimbeere, lugha pekee aliyoijua mama vizuri, alikielewa nusu nusu, kwa hiyo mazungumzo yalikuwa yapitie kwangu. Barua ilikuwa tayari mezani, imechapwa kwa Kiingereza, kalamu juu yake.

"Hii ni formality tu," akasema. "Mama asign hapa, tumalize."

"Nimsomee kwanza," nikasema.

"Hakuna haja, madam. Nilishamuexplainia."

Nikaichukua barua na kumsomea mama kwa Kimbeere, polepole, kama ilivyoandikwa. Mimi, mzazi wa mtoto huyu, naomba kwa hiari yangu mwanangu ahamishwe, kwa kuwa nimeona hawezi kusoma pamoja na wenzake.

Mama akainua kichwa. "Ni nani anasema hivyo?"

"Ni wewe."

"Mimi?"

"Barua inasema ni wewe."

Hapo damu ilikuwa imenichemka. Nilikuwa na maneno ya kutosha kumkimbiza yule mwalimu hadi barabarani. Mtu anakuandikia ombi lako, anakutungia hata hiari yako, kisha anakuwekea kalamu mkononi na kuita hiyo formality. Nilijiuma ulimi kweli, si kwa mfano. Kazi yangu ilikuwa kusoma, na nilikuwa nimesoma.

Mama akairudisha kalamu katikati ya meza. Akasema hawezi kuomba kitu ambacho hajaomba. Kisha akaniuliza, huku akitazama sakafu, kama ana ruhusa ya kujua walichosema watu wa kituo cha tathmini kule mjini Embu. Mwezi wa pili mwalimu wa darasa alimpeleka mtoto huko kupimwa, na tangu siku hiyo mama hajaambiwa neno.

Nikamjibu kwamba ni haki yake. Nikageuka nikamwambia mwalimu mkuu hivyo hivyo, kwa Kiswahili.

"Hiyo report ni ya shule," akasema.

"Ni ya mtoto wake. Anaweza kuiona, na kupewa nakala."

Akafungua kabati akapekua mafaili, akatoa karatasi mbili. Nikazisoma. Akili ya mtoto haina shida. Masikio yote mawili hayasikii vizuri. Apelekwe kliniki ya masikio, akae dawati la mbele, na mwalimu amtazame usoni anapozungumza naye. Miezi saba karatasi hizo zilikaa kabatini, na mtoto akakaa nyuma ya darasa. Sijui kama mwalimu mkuu hakuzisoma au alizisoma akanyamaza. Hata leo sijaamua lipi ni baya zaidi.

Nikamtafsiria mama, mstari kwa mstari.

"Kumbe ni masikio tu?" mwalimu mkuu akasema, na nadhani alifurahi kweli. "Hiyo si kitu kubwa. Monday tunamweka mbele. Mama, hiyo barua sahau."

Mama hakushukuru. Mwalimu akaanza kupanga upya vitabu ambavyo vilikuwa vimepangwa. Mama akasema nami kwa Kimbeere, sauti ya chini, bila kumtazama yule mwanamume.

"Mwambie walimu wamekuwa wakiandika kwenye daftari la mtoto kwamba ni mkaidi, akiitwa haitiki. Jirani alikuwa akinisomea. Mwambie kila liliposomwa, nilimchapa mwanangu. Mwambie nimekuwa nikimchapa mtoto kwa sababu hasikii."

Nikatafsiri. Neno kwa neno.