Mlango wa Shitingi

Historia ya sanaa ya kisasa niliisoma kwa Kifaransa ambacho sikukijua. Familia yetu ilikuwa imerudi kutoka Tanzania hadi Gisenyi, mji wa kando ya ziwa, mpakani na Kongo. Nilikuwa na Kiswahili cha shule na Kinyarwanda cha nyumbani, basi. Mwalimu wetu, mzee aliyefundisha Kongo miaka mingi kabla ya kurejea, alikuwa na kitabu kimoja chenye picha zisizo na rangi. Akifungua ukurasa wa wachoraji wa mwanga, tuliona maua ya kijivu juu ya maji ya kijivu, naye akituambia hapa pana rangi ya waridi, hapa ya zambarau, andikeni.

Aliyeniokoa ni msichana niliyekaa naye dawati moja. Alizaliwa hapa hapa ziwani, na vita vya hapa kwetu vilimwachia shangazi mmoja tu, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani. Kila somo alininong'oneza tafsiri kwa Kiswahili cha kwao.

Siku moja tulisoma wasanii wa Ulaya waliouchoka uzuri baada ya vita vikuu.

"Anasema bale bantu balitoka ku vita, bakakata makaratasi, bakabandika ovyo," aliniambia. "Balisema uzuri iko uongo."

"Kwa nini?"

"Sababu benye kusoma sana ndio balianzisha ile vita."

Niliyaandika hayo pembeni mwa daftari.

Mwisho wa muhula tuliagizwa kila mtu alete kazi yake, aeleze inafuata mkondo gani. Mimi nilichora ziwa asubuhi, kwa madoadoa ya rangi niliyoagiza ng'ambo ya Grande Barrière, kituo cha mpaka wa Kongo. Rafiki yangu alileta shitingi, ile turubai ya plastiki ya bluu ambayo watu wengi waliishi chini yake baada ya vita. Ilikuwa imepigiliwa kwenye fremu ya mbao, imechanika na kushonwa kwa uzi wa nyavu, chini imeganda tope. Hakuwa ameipaka chochote.

Tulicheka. Mwalimu hakucheka.

"Umefanya nini hapa?"

"Sikufanya kitu, Prof. Ni mulango ya kwetu. Sasa tuko na ya mbao."

"Na huu uzi?"

"Pale mvua ilikuwa inaingia, nilishona."

Mwalimu alifunua kurasa za mwisho za kitabu, ambazo hatukuwa tumezifikia, akatuonyesha kitu cha kawaida cha nyumbani kilichowekwa kwenye jumba la makumbusho. "Somo hili nililiweka kwa mwaka ujao," alisema. "Tulisome leo." Alifundisha mpaka baada ya kengele. Kuhusu kazi yangu alisema tu kwamba ziwa linafanana na ziwa, na neno hilo liliniuma kwa muda mrefu.

Shitingi ilitundikwa ukutani. Wiki iliyofuata shangazi wa rafiki yangu alifika darasani.

"Bonjour, Mwalimu. Naomba shitingi yangu. Niko na maharage ya kuanika."

Mwalimu alimweleza, kwa Kinyarwanda kizuri, kwamba hiyo sasa ni kazi ya sanaa. Shangazi alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Nimesikia. Lakini maharage iko inaota."

Mwalimu aling'oa misumari kwa mikono yake. Mimi na rafiki yangu tuliikunja tukaibeba hadi kwao, mtaa wa Mbugangari. Njiani nilimuuliza kama ameumia moyoni.

"Hapana. Nilitaka tu muione."

Tukatandaza maharage juu ya shitingi uani, shangazi akitusimamia tusiyarundike.