Lengo la Taifa na Watoto Wasiohesabiwa

Siku yangu ya kwanza kazini Kilosa, Mganga Mkuu wa Wilaya alinikabidhi rula na karatasi ya grafu. Mimi nilitarajia sindano.

"Shikamoo, Daktari," nilisema.

"Marahaba. Lengo la taifa ni kila mtoto akamilishe chanjo. Huko juu ni sentensi tu. Wewe uligawe mpaka lifike kitongoji cha mwisho."

Kuligawa kulianza na walengwa, yaani watoto tuliotarajia kuwachanja, ambao tuliwapata kwenye daftari za vijiji. Ukishajua idadi yao, unapanga dozi, mafuta ya pikipiki na siku za huduma ya mkoba, ile ya kuwafuata watu walipo. Niliifanya kazi hiyo vizuri, tena sana, na sioni haya kusema. Nilipohamishiwa upande wa Mikumi kuratibu chanjo, mstari wa waliochanjwa kwenye grafu yangu ulivuka lengo, nikaubandika mlangoni ili kila mgeni auone.

Kiangazi kimoja surua iliingia kwenye maboma ya wafugaji. Mama Nosim alimleta mwanawe kifua kikikoroma. Nilifungua daftari, nikakuta jina la mama na mbele yake, penye idadi ya watoto, kistari tu, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

"Mama, nilipokuuliza una watoto wangapi, ulisemaje?"

"Nilisema wapo."

"Wapo wangapi?"

"Daktari, sisi watoto hatuwahesabu. Ni mkosi. Ungeniuliza majina, ningekutajia wote."

Mtoto alifariki siku ya tatu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Nilibandua ile grafu nikaipeleka Kilosa. "Mzee, tumevuka lengo kwa sababu hatukuwaandika watoto wote."

Mganga Mkuu aliufuata mstari kwa kidole. "Tukiwaandika, tutashuka. Mkoani watatusema."

"Watuseme."

"Basi andika mpango upya."

Tulizunguka maboma yote tukiuliza majina, tukahamishia huduma ya mkoba kwenye siku ya mnada, kina mama wanapouza maziwa. Mstari ulianguka, nikasemwa kikaoni mbele za watu, kisha ukapanda taratibu ukiwa wa kweli. Leo nimestaafu, na vijana wanaopanga mipango kwa kompyuta bado huja kuniuliza. Nawajibu bila kusita, maana kazi hii naijua.

Tulipofika bomani kwake kuandika upya, Mama Nosim alinitajia majina ya wanawe wote isipokuwa moja. Kwao marehemu hatajwi. Alipokuwa hai sikumwandika, na nilipojifunza kuandika, jina lake lilikuwa halitamkiki tena.