Nyuki waliingia kwenye bawa la ndege yetu, nami nikakubali kuwatoa kwa moshi

Wakuu, habari za mapumziko. Wakubwa zangu shikamooni, ingawa nadhani humu wanaonizidi umri ni wachache.

Ninayoandika yametokea, na aliyeyafanya ni mimi. Majina nimebadilisha, kwa sababu wahusika wengine wako hai na hawajanituma niwaseme.

Niliulizwa swali dogo mbele ya watu: "Unaweza au huwezi?"

Nikasema naweza.

Ningesema siwezi, wangenicheka siku mbili tatu na maisha yangeendelea. Nimelirudia jibu lile kichwani mara nyingi kuliko sala.

Niko Mpanda, Kashaulili. Nimestaafu. Shule niliishia kidato cha nne na kazi yangu ilikuwa kutunza stoo. Lakini ujuzi wangu wa tangu utotoni ni nyuki. Sisi ni Wakonongo, na baba yangu alitundika mizinga ya magome porini kule upande wa Inyonga, nami nilimbebea kamba kabla sijajua kusoma. Mtu yeyote hapa mjini akiona nyuki wameingia darini, ananitafuta mimi.

Sasa nije kwenye ndege.

Kulikuwa na ndege ndogo ya viti viwili iliyotelekezwa kwenye majani miaka mingi. Zamani ilitumika kupulizia dawa ya mbung'o. Mbuzi walilala chini ya mabawa yake, na watu walikuwa wameanza kung'oa vyuma.

Rafiki yangu Melkiori, Mfipa mmoja mfupi mwenye maneno machache, alikuwa fundi msaidizi wa ndege hiyo hiyo alipokuwa kijana. Siku moja akaja kwangu, hata kiti hakukaa.

"Baba Edna, ile ndege wataimaliza wauza chuma chakavu. Njoo tuikokote."

Nikamwambia, "Tuikokote tuipeleke wapi, Ulaya?"

"Popote penye paa."

Nilicheka, lakini nilikwenda.

Tukawa watu kama kumi, wengi wastaafu. Ofisi husika ikatupa kibali. Mama Zuhura, mwenye duka la jumla hapa Kashaulili, akatoa banda lake la bati lililokuwa ghala la mahindi, nasi tukamfanya mwenyekiti. Masanja, mfugaji wa Kisukuma wa upande wa Kasokola, akaleta ng'ombe wake wanne wa plau.

Wakuu, mkitaka kuona watu wa Mpanda wameacha shughuli zao, fungeni ndege nyuma ya ng'ombe mpite nayo barabarani. Masanja alikuwa anapiga mluzi mbele na kusema, "Pisheni, hii ikiruka na ng'ombe wangu mtalipa nyie."

Kila Jumamosi tulikuwa bandani. Wengine wanasugua kutu, wengine wanachonga mbao. Watoto wa shule wakaanza kuja kuangalia na kuuliza maswali. Wenyewe tukajiita makumbusho, na mwandiko wangu ukatumika kuandika kibao cha nje.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze kitu, maana bila hiki hamtaelewa.

Mabawa ya ndege ile si ya bati. Ndani kuna mbavu za mbao nyembamba, juu yake kitambaa. Kitambaa kinashonwa kwenye mbavu kwa sindano ndefu, kama mtu anavyoshona godoro, kisha kinapakwa dawa inayokivuta na kukikaza, mpaka ukikigonga kwa kidole kinalia kama ngoma. Melkiori peke yake ndiye aliyejua kushona vile. Alishona miaka miwili na zaidi, mbavu moja baada ya nyingine. Mikono yake ilikuwa minene kama ya mpasua kuni, lakini mshono wake ungedhani umepigwa na cherehani.

Dawa ile inanuka kama rangi ya kucha. Na inashika moto upesi.

Siku ya kwanza ya kupaka, Melkiori alitutoa wote nje. Akakata kipande cha kitambaa kilichokwisha kupakwa, ukubwa wa kiganja, akakishika kwa koleo na kukiwashia kiberiti. Kiliisha kabla hajafungua koleo.

Akasema, "Humu ndani hata kuwaza sigara msiwaze."

Kisha akanipa brashi. "Wewe mwenye mwandiko, andika mlangoni."

Nikaandika kwa herufi kubwa nyekundu: MOTO MARUFUKU.

Kumbukeni hilo. Niliandika mimi.

Nyuki walikuja wakati miombo imetoa maua. Chini ya bawa la kulia kulikuwa na tundu ambalo mfuniko wake hatukuwahi kuupata, wakaingia hapo. Jumamosi tulipofika tukakuta bawa linaunguruma.

Masanja akasimama mbali, akasema, "Wazee, abiria wamekata tiketi. Wanangoja rubani tu."

Tukacheka sana. Melkiori akanivuta pembeni tukapanga kazi. Yeye angefumua mshono kidogo chini ya bawa. Mimi ningeingia jioni, ninyunyizie maji badala ya moshi, nihamishe masega moja moja na malkia wake kwenye mzinga mtupu. Halafu yeye angeshona tena.

"Nipe wiki moja," akasema. "Kwanza nipake dawa juu ya bawa, ikauke. Halafu nyuki ni wako, Mkonongo."

Mpango ulikuwa mzuri. Niliandaa mzinga, nikaupaka nta.

Jumanne Melkiori akapaka bawa. Alipomaliza akaenda Kasokola kwenye msiba wa shemeji yake.

Jumatano ikaja taarifa kwamba mgeni mkubwa, ambaye tulimtarajia mwezi uliofuata, angepita kutuona Ijumaa. Tulimtegemea kwa jambo moja: atusemee kule juu, tupewe eneo la kudumu. Ghala halikuwa la kuishi milele.

Mama Zuhura akaita kikao hapo hapo bandani.

"Mzee wangu Baba Edna," akasema, "nyuki watoke kesho."

Nikamwambia tumepanga na Melkiori, asubiri arudi.

"Melkiori yuko msibani. Mgeni ang'atwe mbele ya kamera, tuonekane watu wa ajabu?"

Nikasema mchana si wakati wa kuhamisha nyuki, na mshono hatuwezi kuugusa bila mwenyewe.

Mzee mmoja nyuma akachombeza, "Kumbe nyuki wa mzee huyu ni wa kusimulia tu."

Watu wakacheka. Mama Zuhura hakucheka, nataka nimtendee haki. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Kwa moshi, unaweza au huwezi? Ukisema huwezi, nampigia simu mgeni asije."

Jibu langu mnalijua.

Tulimpigia Melkiori, simu haikupatikana. Tulipiga mara moja. Nasema tena, mara moja tu. Naamini moyoni nilifurahi haikupatikana, kwa sababu nilijua atakachosema.

Alhamisi saa nne asubuhi nilifika na bomba langu la moshi. Kwa wasiolijua, ni kopo lenye mfuko wa kupuliza. Ndani unaweka kinyesi cha ng'ombe kilichokauka kinachofuka, unabana mfuko, moshi unatoka mdomoni. Nimelitumia maisha yangu yote. Nilijiambia moshi si moto. Nilipita nalo chini ya maandishi yangu mwenyewe.

Ndani dawa ilikuwa inanuka bado. Niliisikia. Nilimwambia Masanja aache mlango wazi, basi, nikaona nimechukua tahadhari.

Mwanzoni kazi ilienda. Nyuki wakaanza kutoka, lakini polepole, na wengine wakarudi ndani. Wakanipiga shingoni na kwenye kope. Nikaanza kuona haya, maana watu walikuwa nje wanatazama. Nikabana mfuko kwa nguvu. Kila fundi nyuki anajua ukibana kwa nguvu bomba linatema cheche. Mwanafunzi wangu angefanya vile ningemnyang'anya.

Sikuona cheche. Niliona kitambaa juu ya tundu kimegeuka rangi ya kahawia, kikajikunja, halafu sauti kama ya mtu anayevuta pumzi. Ncha yote ya bawa ikawaka.

Nilitupa bomba nikakimbia. Hilo nalo niliandike, nilikimbia. Watu walikuwa wanapiga kelele maji, maji, na nyuki walikuwa wanatukimbiza sote.

Wakati huo bodaboda ikasimama. Melkiori alikuwa amerudi kutoka msibani, bado ana shati jeupe. Aliona moshi.

Hakuuliza kitu. Alipita katikati yetu akaingia.

Masanja aliyemfuata ndiye aliyenisimulia mengine. Moto ulikuwa unatembea kwenye bawa kuelekea kwenye bodi. Melkiori akasimama pale bawa linapokutana na bodi, akashika kitambaa kwa mikono yake na kukichana, kama mtu anavyochana shuka, ili moto ukifika pale ukose njia. Alichana mshono wake mwenyewe. Kitambaa kile kikiungua kinanata. Kilimnata viganjani naye akaendelea kuchana. Masanja alimvuta mara mbili, naye akamsukuma mara mbili. Mara ya tatu akambeba.

Moto ulifika kwenye pengo lile ukafa.

Ndege ilipona nusu. Bodi ipo, pangaboi ipo, bawa la kushoto lipo. Bawa la kulia ni mbavu nyeusi.

Mgeni alikuja Ijumaa kama ilivyopangwa. Akasema poleni sana, akatazama kidogo, akaondoka. Eneo hatujapewa mpaka leo.

Mimi nilikuwa hospitali. Melkiori alikuwa amefungwa bandeji mpaka viwiko, uso umevimba kwa nyuki. Nilikaa kwenye kiti pembeni muda mrefu kabla hajafungua jicho.

Akauliza, "Bawa la kushoto?"

"Limepona."

Akatazama bandeji zake. Halafu, "Nani aliingiza moto?"

Nilikuwa na maelezo mengi. Mgeni, kikao, simu kutopatikana. Yote yalikuwa ya kweli. Nikasema, "Ni mimi."

"Wewe uliyeandika mlangoni?"

"Ndiyo."

Akageuza uso ukutani.

Madaktari walifanya walichoweza. Vidole vimepona lakini vimejikunja kuelekea ndani, havifunguki. Hashiki kijiko wala kifungo cha shati. Mkewe ndiye anamlisha. Sindano ya kushonea mabawa iko bandani, imechomekwa kwenye kipande cha kitambaa pale alipoiacha, na hakuna mwingine anayejua kuitumia. Alikuwa hajamfundisha mtu. Alisema atafundisha bawa la pili likiisha.

Jumamosi siku hizi wanakuja watatu, wanne. Wanafagia. Masanja anakata majani. Mimi nafungua mlango, nakaa nje.

Somo langu, wakuu, hasa wazee wenzangu tunaojitolea kwenye mambo haya ya kutunza vitu vya zamani. Kila kazi ina mwenyewe. Mwenye kazi akiwa hayupo, kazi isubiri, hata kama anayekuja ni nani. Na mtu akikuuliza mbele za watu kama unaweza, hujaulizwa kuhusu kazi tu, umeulizwa pia kuhusu sifa zako. Vitenganishe hivyo viwili kabla ya kujibu. Mimi sikuvitenganisha.

Aliyewahi kumdhuru rafiki kwa ujuzi wake mwenyewe aandike hapa chini jinsi alivyoishi baadaye. Wenye kutukana pia karibuni, nitasoma.

*

Nimerudi kuongeza. Nawashukuru mliochangia.

Aliyesema nyuki walikuwa wanaweza kuhamishwa kwa maji, ni kweli, na nilijua. Mzinga nilioupaka nta bado uko tupu. Nyuki waliosalia walikaa kwenye tawi nyuma ya banda siku mbili, wakaondoka.

Na kuna kijana ameandika, "Mzee mbona unalia, kwani hasara yenyewe ni nini, si ndege mbovu tu?" Sijakasirika. Ngoja nikujibu, mwanangu.

Melkiori anaishi Makanyagio, kwa mguu si mbali na kwangu. Kila Jumamosi nikifunga banda napita kwake. Mkewe anatoka mlangoni, ananipa pole ya kutembea, anasema, "Shemeji, amelala."

Jumamosi iliyopita nilifika kabla mkewe hajatoka. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia sauti ya Melkiori vizuri, sauti niliyoizoea tangu tukiwa vijana, ikisema, "Mwambie nimelala."

Nikasubiri mkewe atoke aniambie. Nikaitikia, nikaacha dumu la asali kizingitini, nikaenda.

Hasara ni hiyo. Yeye alipoteza mikono. Mimi nilikuwa na rafiki mmoja maishani, yuko hai, na sina rafiki.