Mguu wa Babu Kizingitini

Mtu akikaanga bisi bwenini (ni marufuku, ndiyo maana zinanoga), mimi hunusa chui. Wenzangu hucheka. Lakini asubuhi ile nyumbani Manga, kwenye ukungu, harufu hiyohiyo ya bisi, ambayo mkojo wa chui huwa nayo, ndiyo iliyotangulia, nikadhani Mama ananificha chakula.

Nikachungulia mlangoni. Babu, mzazi wa Baba, alikuwa uani na fimbo yake. Mbele yake, kando ya migomba, chui alikuwa ameketi kama paka wa jirani, akimtazama. Madoa yake yalikuwa mazuri ajabu; nikaanza kuyahesabu.

"Tata, ingia ndani!" Mama akamlilia baba mkwe wake.

"Niingie nyumba ya mwanangu? Unataka kuniaibisha?"

Kwetu mzee haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata mvua ikinyesha mawe. Basi Babu akarudi kinyumenyume hadi kizingitini, akasimama hapo. Chui akainuka, akapiga hatua. Mimi nikashika pindo la koti la Babu, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mguu wake mmoja ukaingia. Mama naye akagonga sufuria kwa mwiko, kelele usiseme! Chui akatugeuzia mgongo, akajiendea zake migombani.

Babu akautazama ule mguu kana kwamba ni wa mtu mwingine, akautoa polepole.

"Nani ameona?" akauliza.

Mama akageukia ukuta. "Mimi sijaona kitu, Tata."

"Hata mimi, Babu," nikasema. "Labda tumuulize chui."