Kirazira Haikojoleshi Muntu

Admin, ficha jina yangu, lakini Kiswahili yangu usiiguse. Niko mutoto wa Bukavu na sina haya. Niko na miaka makumi mbili na tisa, niko na bwana na batoto babili, tunaishi huku Rusizi, ngambo ya mupaka, upande wa pori ya Nyungwe. Secteur, kata yetu, sitaitaja, huku tunajuana ata kwa kikohozi. Bwana yangu anauzisha nguo Kamembe. Mimi ni infirmière, muuguzi, na si wa kubahatisha: nilianza na diplome ya A1, nikarudia shule na mimba ya pili tumboni, nikatoka na licence, digrii ile banaita A0, nikapita mutihani, nikasajiliwa rasmi.

Siku ya kuvaa robe ya mahafali, mama mukwe alinichokoza: "Moja ulikuwa nayo, sasa umesoma miaka yote iyo juu ya kutafuta zero?" Tulicheka bote. Baba mukwe njo alicheza kuliko bote, anaambia majirani: "Huyu mukwe yangu atanitunza ku uzee." Mukumbuke iyo maneno.

Bon. Siku moja ya mvua, kisha chakula ya muchana, niko ku kazi ku kituo cha afya, naona bantu banaleta mugonjwa ku machela. Kuangalia, ni Papa, baba ya bwana yangu. Mukojo ilikuwa imemufunga tangu jana yake, tumbo ngumu, jasho inamutoka, analia kama mutoto. Infirmier mwenzangu, mwanaume, alikuwa ameenda na ambulance kusindikiza mama wa kuzaa, na nyuma yao matope ilikata barabara. Nilibaki peke yangu. Na dawa ilikuwa moja tu: kuingiza sonde, ule mupira mudogo, mukojo itoke.

Mama mukwe akaona mupira ku mukono yangu, akaelewa. Akasimama ku mulango mikono ku kichwa: "Kirazira! Mukwe kuona uchi wa baba ya bwana yake? Kirazira!" Benye hamusikie Kinyarwanda, kirazira ni mwiko.

Nikamuambia, "Maman, toka inje, nitakuita." Papa naye akanishika mukono: "Mwanangu, acha tu nife."

"Papa, funga macho. Mukwe yako amebaki nyumbani. Huyu ni infirmière."

Akafunga. Na mukojo ikatoka, bantu ba Mungu! Ikatoka ikajaza mufuko, muzee akashusha pumzi. Nilienda inje nikalia ya furaha. Nilisema, leo njo nimejua nilisomea nini.

Munafikiri nilipewa aksanti? Nilipewa kikao ya ukoo! Papa alitibiwa ku hopitali, akarudi nyumbani na nafuu, na bao bakaniita. Shangazi ya bwana yangu, mwenye anaogopwa na kila muntu, akasema: "Afazali angekufa na heshima yake." Mi mudomo yangu haina mulango. Nikamujibu: "Tante, kirazira haikojoleshi muntu."

Yoo! Bamama bakafunika midomo. Mujomba mumoja alicheka, akajifanya anakohoa. Papa mwenyewe alikuwa anaangalia chini. Bakanikatia hukumu: Jumapili hii nilete pombe ya ndizi, nipige magoti mbele ya ukoo, tena niache kazi ya kugusa banaume. Nikikataa, bwana yangu anirudishe kwetu Bukavu.

Na yeye bwana yangu, kimya! Njiani tu njo alipata sauti: "Chérie, si ni dakika moja? Piga magoti iishe."

"Na kazi yangu?"

"Tutauzisha nguo pamoja."

Uyu njo mwanaume alikuwa ananibebea mutoto inje ya darasa nikiwa ku mutihani. Iyo iliniuma kuliko shangazi na kelele yake yote. Nilimuambia magoti yangu haiko ya kuuzisha. Sasa analala kwa mama yake.

Sasa musikie ile inanishinda. Papa bado anatembea na sonde mpaka atapasuliwa, na tunaibadilisha hapa kwetu ku kituo cha afya. Tangu ile siku alikuwa hanisalimie, akiniona anapita njia ingine. Wiki iliyopita akakuja. Mwenzangu alikuwa amesha kuvaa gants ya mikono, Papa akamukatalia: "Wewe hapana, uko na mikono ya kulima. Niitie ule mwengine."

"Mwengine nani, Mzee?"

"Infirmière."

Nikaingia, nikamukuta amesha kufunga macho yeye mwenyewe. Nikafanya kazi yangu. Akiwa bado amefunga macho akasema pole pole: "Aksanti, mwanangu. Ila Jumapili usiseme kama nilikuja. Mi nitanyamaza."

Muone! Neno moja tu ku kinywa yangu, na kile kikao kinavunjika. Lakini siri ya mugonjwa niliiapia, na yeye ni mugonjwa yangu mbele ya kuwa baba mukwe. Hapa jina yake haiko, na yangu haiko. Kule mbele yabo sitasema, ata kama ni kuokoa ndoa yangu.

Na magoti sipigi. Nilishapiga magoti sana ku sakafu ya ile kituo, kwa bagonjwa benye banalala chini, na hakuna mwenye aliniona. Jumapili nitaenda, nitavaa blouse yangu nyeupe ya kazi, pombe sitabeba. Basi musiniandikie mambo ya kuomba musamaha, mutajichosha bure. Nampenda bwana yangu, nataka arudi, na batoto banamuuliza kila asubuhi. Mudomo imefungwa na kiapo, magoti nimeifunga mwenyewe. Nimurudishe na nini? Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini?

Na wewe Mzee, unajijua. Sonde inabadilishwa tena mwezi ujao. Kuja tu, nitakuwa ku kazi.