Kitambaa Chekundu Mguuni

Katika ofisi moja ya mtaa wa Himbi, mjini, inayonuka rangi mbichi, wametundika picha ya tai. Nilipoiona, hasira ilinipanda.

Kijijini kwetu Kibumba, tai akizunguka juu ya kuku, hakuna aliyenyamaza. Mama aligonga sufuria kwa mwiko, sisi watoto tukapiga miluzi mpaka ndege akate tamaa. Asubuhi moja ya ukungu tulikuwa na mgeni, mpiga picha, amelala kifudifudi juu ya mawe meusi nyuma ya jiko letu. Mama akainua sufuria. Mgeni akamzuia kwa mkono.

"Mama, kimya kidogo. Utamukimbiza."

"Papa, atabeba kuku yangu."

"Ni picha tu."

Kwetu mgeni hakataliwi. Mama akashusha sufuria, na tai akashuka. Kamera ikalia ta-ta-ta, kuku akalia mara moja, yakabaki manyoya.

Niliisogelea ile picha. Kwenye kucha za tai, mguu wa kuku bado una kitambaa chekundu, kile mama alichomfunga asichanganyike na kuku wa jirani. Chini ya picha hawakuona haya kuandika, kwa Kifaransa: tai wa porini, mahali pasipoishi mtu.