Afande Magid na Vibuyu vya Buwenge

Magid alipiga tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, katika bendi ya jeshi miaka thelathini na mmoja, na mpaka leo, akiwa mstaafu pale Wanale, kilimani juu ya Mbale, hata kuku wake hulishwa kwa saa. Huyo ndiye aliyekaa miaka sita akitunga muziki wa dakika arobaini kwa wapigaji themanini. Mkewe Mariat alimwambia mapema kwamba mtaka yote hukosa yote. Magid akajifanya hakusikia.

Themanini walipatikana: bendi tatu za matarumbeta kutoka Mbale na Jinja, pamoja na Wasoga kumi wa Buwenge wapigao bigwala, yaani baragumu za vibuyu virefu. Kila kibuyu kina sauti moja tu. Mmoja akichelewa, wimbo unabaki na pengo kama kinywa cha mtoto aliyeng'oka jino. Na sherehe ya Jinja waliyoitiwa ilikuwa ya siku moja. Watu wote hao hawangekutana tena.

Asubuhi ya siku yenyewe, uwanjani Jinja, Magid aliwapanga Wasoga mstari mmoja, vifua mbele, macho kwenye fimbo yake ya kuongozea muziki. Wakapuliza. Hata vyura wa Nile wangeona aibu. Wakarudia mara tatu pamoja na bendi, na kila mara matarumbeta yalifika mwisho vibuyu vikiwa bado njiani. Magid aliona miaka yake sita ikimwagika chini, akaogopa kwelikweli.

Bogere, kiongozi wa vibuyu, akavua kofia. "Afande, usikasirike. Sisi hapana piga tukisimama. Hii kitu iko kwa miguu."

"Miguu inasoma noti?"

"Acha tuzunguke ngoma, afande. Utaona."

Wakaizunguka ngoma kubwa ya bendi wakicheza, kila mmoja akikanyaga ndipo apulize, na sauti kumi zikawa wimbo mmoja usio na ufa. Kidole kimoja hakivunji chawa: Magid aliijua methali hiyo tangu utotoni, ila hakuwahi kuisikia ikipulizwa.

Jioni, uwanja umefurika, wapigaji sabini wa matarumbeta waliikodolea macho fimbo yake. Akaitia kwapani.

"Tazameni miguu ya Bogere," alisema, akashuka jukwaani, akajipanga nyuma ya kibuyu cha mwisho.

Dakika arobaini hakupotea mtu kwenye mdundo, isipokuwa mtunzi mwenyewe, aliyekosea hatua mara mbili huku machozi yakimtoka mbele ya umati.